Nyoka wa keja: gamba likiganda jichoni, utamwita nani?

Ilikuwa saa nne usiku, katikati ya Julai, na baridi ya Nairobi ilikuwa ile ya kuvaa soksi mbili. Simu ikalia. Picha. Kichwa cha nyoka kimepigwa kwa karibu, jicho moja linang'aa, la pili limefunikwa na kitu cheupe kama nailoni kuukuu. Chini ya picha, maneno mawili tu: "Amekuwa kipofu?"

Aliyeituma ni msee tuliyekua naye. Jina lake silitaji, na mtaa anaoishi siutaji pia. Ukisoma hadi mwisho utaelewa kwa nini. Anafuga nyoka ndani ya bedsita, kwenye tangi la vioo lililokuwa la samaki, kando ya kitanda. Alimnunua kwa Sh6,000 kutoka kwa utingo wa lori aliyemtoa pande za kaskazini akiwa ndani ya mkebe wa rangi. Landilodi hajui. Mamake hajui. Wanaojua ni watu wa mtandaoni, maana video ya nyoka akijizungusha kwenye mkono wake, uso hauonekani, ilipata watazamaji kuliko vichekesho vyake vyote vya mwaka mzima.

Alinitafuta mimi kwa sababu niliwahi kusomea afya ya mifugo. Nilisoma mwaka mmoja na nusu, karo ikaisha, nikarudi mtaani. Nilichofundishwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Nyoka hakuwa kwenye mtihani. Lakini kwa mtu mwenye hofu usiku wa manane, mwaka mmoja na nusu ni daktari kamili.

Nikaanza kusoma, nikauliza wanaojua, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba shida haikuwa jicho peke yake. Jicho lile lilikuwa linaonyesha vile nyoka huyo anaishi, na vile sisi wote tunaishi na sheria ambayo wengi hatujaisoma.

Jicho lisilo na kope

Tuanze na mnyama mwenyewe. Huyu ni boa wa mchangani, nyoka mfupi mnene, rangi ya chungwa na madoa ya kahawia, anayepatikana sehemu kavu za Kenya na nchi jirani kama Tanzania, Ethiopia na Somalia. Hana sumu. Jike hufika sentimita 60 hadi 80 hivi, dume ni mfupi zaidi. Maisha yake mengi huyapitisha amejifukia mchangani, macho na pua tu ndivyo vimechungulia juu, akingoja panya apite.

Nyoka hana kope. Hafumbi macho, halali akiwa amefunga jicho. Badala yake jicho limefunikwa na gamba moja jembamba la mviringo linalopitisha mwanga, kama kioo cha saa. Gamba hilo ni sehemu ya ngozi. Kwa hivyo nyoka akijivua ngozi, gamba la jicho nalo linafaa kutoka, likiwa limeshikana na ngozi ya kichwa.

Kabla ya kujivua, rangi yake hufifia. Macho hugeuka buluu ya kijivu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, kwa sababu kuna majimaji yanayotenganisha ngozi kuukuu na mpya. Siku hizo haoni vizuri, anashtuka haraka na mara nyingi hakubali chakula. Kisha macho hurudi kuwa safi, na siku chache baadaye anasugua pua kwenye jiwe au kijiti hadi ngozi ifunguke midomoni. Anatoka humo kama mguu unavyotoka kwenye soksi, na ngozi inabaki kipande kimoja, ndani ikiwa nje.

Hapo ndipo anayejua kazi huokota ile ngozi na kuangalia kichwa. Akiona vigamba viwili vya macho, mambo fiti. Akiona kimoja, na mahali pa kingine pana tundu, anajua kimebaki kwenye jicho.

Msee wangu hakuangalia. Ngozi ilitoka vipande vipande kwa siku tatu, akaifagia, akaitupa kwenye pipa.

Balbu, tokeni na hewa kavu

Kwa nini ilitoka vipande? Nilimwambia anipigie video ya tangi lote. Nikaona mchanga mkavu wa ujenzi, bakuli dogo la maji lisilo na maji, na balbu kubwa ya kutoa joto inawaka juu mchana na usiku. Hakuna jiwe, hakuna kijiti, hakuna pa kujificha.

Nia yake ilikuwa nzuri. Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi, anategemea joto la nje, na usiku wa Julai Nairobi baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kwa hivyo akawasha balbu. Tokeni za stima zikawa zinaisha kabla ya wiki kuisha. Lakini balbu ile ilikuwa inakausha hewa ndani ya tangi, saa baada ya saa, na nyoka aliyekosa unyevu mwilini hawezi kujivua vizuri. Yale majimaji ya kutenganisha ngozi mbili yanakuwa machache. Ngozi inakauka ikiwa bado imeshika, na mahali pa kwanza pa kuganda ni ncha ya mkia na macho.

"Lakini huyu ni wa jangwani," akanijibu. "Si anapenda ukavu?"

Hili ndilo kosa ambalo ningelifanya hata mimi. Juu ya ardhi kule kwao ni kukavu, ndiyo. Lakini yeye haishi juu. Anaishi chini, kwenye mchanga na mashimo ambamo unyevu hubaki hata jua likiwaka vipi. Akihisi ngozi inambana, anaingia ndani zaidi. Kwenye tangi la samaki chini hakuna unyevu, kuna kioo tu.

Ukavu sio sababu pekee. Utitiri wanaonyonya damu hupenda kujibanza kwenye ukingo wa jicho na huharibu kujivua. Ugonjwa, njaa ya muda mrefu au kidonda cha zamani pia huleta shida hiyo. Halafu si kila jicho baya limeganda gamba. Jicho lililobonyea kama mpira uliotoka upepo mara nyingi linaonyesha nyoka amekosa maji mwilini, na akinywa vizuri linajaa tena. Mtu asiyejua tofauti atajaribu kubandua kitu ambacho hakipo, na chini yake ni jicho lenyewe.

Kibano cha nyusi

Nilimuuliza kama ameligusa jicho. Kimya. Halafu: "Kidogo tu. Na kibano cha nyusi cha dem wangu."

Alikuwa ameona video fulani. Nimeziona pia. Kuna wanaotumia kibano, kuna wanaobandika selotepu kwenye jicho na kuivuta, kuna wanaopaka mafuta ya kupikia. Video hazionyeshi kilichotokea wiki mbili baadaye. Gamba kuukuu limekaa moja kwa moja juu ya gamba jipya, na ukivuta kwa nguvu unaweza kung'oa yote mawili. Bila lile jipya, jicho linabaki wazi, linakauka, linaingia viini, na nyoka analipoteza.

Hii ndiyo njia waliyonifundisha wanaojua, na haina haraka hata kidogo. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa matundu ya hewa. Lowesha taulo safi kwa maji ya uvuguvugu, kama yale ya kuoshea mtoto mchanga, uikamue, uiweke ndani. Mwache nyoka apite katikati ya mikunjo ya taulo kwa dakika 20 au 30 ukiwa hapo hapo unamwangalia. Taulo inalainisha ngozi na mwendo wake mwenyewe unaisugua. Mrudishe, mwache apumzike, urudie siku inayofuata.

Ndani ya tangi, mwekee maficho yenye unyevu: kopo dogo lenye mlango, ndani taulo za karatasi zilizolowa. Sehemu nyingine ya tangi ibaki kavu, kwa sababu boa wa mchangani akilala kwenye unyevu wiki nzima ngozi yake huota malengelenge. Mpe maji safi kila siku, jiwe la kujisugulia, na joto la upande mmoja tu ili achague mwenyewe.

Gamba likikataa kutoka, liache. Mara nyingi linatoka na ngozi inayofuata kama mazingira yamerekebishwa. Likikaa mara ya pili, au jicho likivimba, likitoa usaha, au nyoka akikataa kula muda mrefu, hiyo si kazi ya taulo tena. Ni kazi ya daktari.

Na hapo ndipo stori ilipogeuka.

"Una kibali?"

Siku ya nne jicho lilikuwa limevimba kidogo. Nikampigia daktari mmoja wa wanyama. Akasema yeye ni mbwa na paka tu. Wa pili alisikiliza vizuri, akauliza maswali mazuri, halafu akauliza la mwisho: "Ana kibali cha kumfuga?" Nikasema hapana. Akasema kwa upole kwamba hataki kuingizwa kwenye mambo hayo, na simu ikakatika.

Sikumlaumu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, mnyamapori si mali ya anayemwokota. Kumweka unahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Boa wa mchangani ni mnyamapori sawa na chui, hata kama anaingia kwenye mkebe wa rangi. Tena yuko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kupita mipaka ya nchi.

Kama unadhani serikali haina muda na viumbe vidogo, kumbuka kesi ya siafu malkia. Aprili 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji, wote wa miaka 19, walikamatwa Naivasha wakiwa na siafu karibu 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba. Walijitetea kwamba ilikuwa kujifurahisha tu na hawakujua ni kosa. Mei mwaka huo mahakama iliwatoza faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Mkenya mmoja na raia wa Vietnam, katika kesi nyingine ya siafu, walipewa adhabu kama hiyo.

Nilimtumia msee habari hiyo. Hakujibu kwa siku mbili. Aliponijibu, alikuwa amefuta video zote.

Tafakari hapo kidogo. Video zilifutwa, lakini nyoka yuko pale pale, na jicho lake pia. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu mmoja mdogo zaidi wa kuuliza msaada. Sheria iliyowekwa kumlinda huyu nyoka, kwa wakati huo, ndiyo iliyokuwa imesimama kati yake na daktari.

Jina letu, mnyama wa wengine

Hii inauma zaidi ukivuka mipaka. Huko Marekani na Ulaya, boa huyu anauzwa madukani na kwenye maonyesho ya wanyama watambaao, na jina lake la biashara limebeba jina la Kenya. Wengi wanaouzwa sasa wamezaliwa kwenye vizimba, kwa sababu ni rahisi kumzalisha: hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa hai. Wafugaji wamemtengenezea hadi rangi ambazo huwezi kuziona porini kirahisi. Kijana wa umri wangu kule akiona jicho limeganda, anabeba nyoka wake kwenye kopo, anaingia kliniki ya watambaao, analipa na kurudi nyumbani. Hakuna anayemuuliza kuhusu Mandera au Garissa.

Wapo vijana wanaochukua stori hii na kusema basi nasi turuhusiwe tu, kila mtu afuge. Mimi sifiki huko, na sababu yangu ni ule mkebe wa rangi. Nyoka wa msee hakuzaliwa kizimbani. Alichimbwa kwenye mchanga wa watu na kusafirishwa mamia ya kilomita bila maji. Ikijulikana kwamba mmoja ni Sh6,000 Nairobi, kila lori litashuka na mikebe. Na kumhesabu mnyama anayeishi chini ya ardhi ni noma. Tutagundua wamepungua wakiwa wameshaisha.

Kwa hivyo sheria iwepo, na iume. Lakini sheria inayojua kukamata peke yake inatuachia wanyama waliofichwa chini ya vitanda, wanaotibiwa na vibano vya nyusi.

Tunachokosa

La kwanza, njia ya kumrudisha mnyama. KWS huitwa kuondoa nyoka kwenye nyumba za watu, hilo tunalijua. Tusichokisikia, kwa Kiswahili cha mtaa na mahali vijana wapo, ni hiki: kama ulimchukua bila kujua na unataka kumsalimisha, fanya hivi, na hivi ndivyo utakavyotendewa. Anayekuja mwenyewe mchana asitazamwe kama anayenaswa uwanja wa ndege na masanduku. Na tusimrudishe nyoka porini sisi wenyewe, tafadhali. Nyoka aliyekaa kwa mtu anaweza kubeba ugonjwa, na ukimwachilia Karura hujamrudisha kwao, umemtupa.

La pili, madaktari waambiwe waziwazi wanachoweza kufanya. Mnyama aliyejeruhiwa akitibiwa kwanza na taarifa ikatolewa baadaye, sheria haijapoteza chochote. Akikataliwa mlangoni, anayepoteza ni mnyama.

La tatu ni sisi. Ukweli ni kwamba wengi wetu hatutaki nyoka, tunataka video ya nyoka. Nyoka hajali kushikwa. Hana raha ya kupapaswa kama mbwa. Kwake mkono wako ni joto tu, au hatari. Ukitaka kuwajua kwa dhati, Hifadhi ya Nyoka ya Makavazi ya Kitaifa iko Nairobi tangu 1961, na kule Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa 1980 na marehemu James Ashe na mkewe Sanda. Ashe aliwahi kuwa msimamizi wa hifadhi hiyo ya Nairobi. Watu kama hao wameokoa maisha ya watu na ya nyoka kwa maarifa yale yale ambayo msee wangu alikuwa anayatafuta usiku wa manane.

Na maarifa hayo nchi inayahitaji. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Vijijini boa wa mchangani anauawa kila akionekana, kwa sababu hakuna wa kuwaambia watu kwamba huyu hana sumu na anawalia panya wao. Kijana anayependa nyoka angefaa kuwa ndiye anayeambia kijiji hivyo, akiwa na mafunzo na kibali mkononi. Kwa sasa anajificha na taa imezimwa.

Jumatatu

Tulifanya ile kazi ya taulo kwa siku tisa. Jiwe likaingia, maji yakaingia, balbu ikahamishiwa upande mmoja. Uvimbe ulipungua. Baada ya wiki kadhaa macho yakageuka buluu tena, yakarudi safi, na asubuhi moja ngozi ilikuwa imelala kwenye mchanga, ndefu, kipande kimoja. Safari hii hakuifagia. Aliipiga picha kwenye dirisha, mwanga ukipita ndani yake.

Gamba la jicho la kushoto lilikuwepo. La kulia lilikuwepo pia, na chini yake limeshikana lile la zamani. Lakini jicho lenyewe, pale kibano kilipopita, limebaki na kovu jeupe. Akisogezewa kidole upande ule hageuki.

Msee alinipigia usiku huo. Hakuongea juu ya faini. Alisema, "Buda, mimi ndiye nilimtoboa."

Nikamwambia ninachokiamini: kama huwezi kumpeleka mnyama wako kwa daktari mchana, mlango ukiwa wazi, basi huyo si wako, hata kama ulimlipia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekata simu. Kisha akauliza kama naweza kumsindikiza kwa maafisa wa wanyamapori Jumatatu, na kama najua mwanasheria wa bei nafuu wa kuongea naye kwanza.

Mwanasheria nimempata, ni mtoto wa jirani. Tutatumia kopo la plastiki, lile lenye matundu. Taulo nitaleta mimi.